Rangi pinzani bustanini
Ni upandaji wa mimea ambayo rangi zake, zikikaa jirani, hukolezana: zambarau na njano, buluu na rangi ya chungwa. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, msimamizi wa utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, alieleza kanuni hiyo mwaka 1839. Mbunifu wa bustani Mwingereza, Gertrude Jekyll (1843–1932), aliitumia kwa ustadi mkubwa. Kwenye tuta refu la bustani yake ya Munstead Wood, majani ya kijivu na maua ya buluu yalikaa miishoni, njano ikafuata, na wekundu ukawaka katikati. Jicho lililoshiba wekundu huiona buluu imekolea mno. Nyeupe hutaka uangalifu. Ikitapakaa ovyo huvunja mpangilio wote. Majani ya rangi, kama ya krotoni, hudumu kuliko maua mengi.