Kalausi na Buru

Kalausi (HD 83443 katika orodha za wanaastronomia) ni nyota ya kundinyota la Tanga, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 134. Buru ni sayari inayoizunguka. Majina hayo ya Kijaluo, ya kimbunga cha vumbi na vumbi lenyewe, yalichaguliwa Kenya na kupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 2019.

Hakuna aliyeiona Buru kwa macho wala kwa picha. Wanaastronomia wa Geneva waliitangaza mwaka 2000, kwa darubini ya Euler iliyoko La Silla, Chile, baada ya kupima kuyumba kwa nyota yake. Sayari huivuta nyota nayo ikavutwa; nyota ikitukaribia, mawimbi ya nuru yake hubanwa kidogo, ikitupa kisogo hurefuka. Kalausi huyumba kwa kasi ya mita 56 hivi kwa sekunde, na mzunguko hujirudia karibu kila siku 3: huo ndio mwaka mzima wa Buru. Uzito wa Buru si chini ya 0.4 hivi ya uzito wa Mshtarii. Kazi hii ya kupima hudai uangalifu mkubwa, kwani sayari ya pili iliyotangazwa kwenye nyota hiyo haikuthibitika.



Kutoka Nakuru, Kalausi huonekana upande wa kusini jioni za Machi na Aprili, lakini kwa darubini tu, hata ikiwa ndogo.