Nani kaiharibu kompyuta? Historia fupi ya kosa namba 1706

Hebu leo tuzungumzie kitu ambacho sijawahi kukikuta kwenye kitabu chochote cha historia nilichosomeshwa shuleni: kile kidirisha kinachojitokeza unapofungua Word asubuhi, kinakwambia kinatayarisha usakinishaji, halafu kinadai sidii ambayo hakuna mtu ofisini anayejua iliko. Wengi wetu tunakifunga tu na kuendelea na kazi. Kesho yake kinarudi. Keshokutwa kinarudi tena.

Nasema ni historia kwa sababu kidirisha hicho hakikudondoka kutoka mbinguni. Kila namba ya kosa unayoiona wakati wa kusakinisha programu (au kuinstoli, kama tunavyosema wengi) ina uamuzi nyuma yake. Uamuzi huo ulifanywa na watu, mwaka fulani, kwa sababu fulani. Wahandisi walikuwa wanatatua tatizo moja, wakatuachia jingine mlangoni. Na kwa kuwa hatuijui historia hiyo, tunafanya kile ambacho wasiojua historia hukifanya siku zote: tunamlaumu aliye karibu.

Twende taratibu.

IBM walipoitoa PC yao mwaka 1981, programu ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikaa kwenye diski laini. Unaichomeka, unaandika jina lake, inafanya kazi. Baadaye kompyuta zilipopata diski kuu za ndani, kusakinisha kulimaanisha kunakili mafaili kutoka diski hadi kwenye folda. Ukiichoka programu unafuta folda. Basi, yamekwisha. Nani angeuliza sidii hapo?

Mambo yalibadilika Windows iliposhika kasi, hasa baada ya toleo la 3.0 la mwaka 1990. Kumbukumbu za kompyuta zilikuwa ndogo na ghali, kwa hiyo ukaja utaratibu wa kukopeshana. Badala ya kila programu kubeba kila kitu chake, programu nyingi zilitumia mafaili ya pamoja yanayoitwa DLL. Fikiria nyumba ya kupanga ya pale Manzese au Temeke: vyumba vinane, uwanja mmoja, bomba moja. Wote mnachota hapo hapo na hakuna shida. Kisha anahamia mpangaji mpya, analing'oa lile bomba na kufunga la kwake kwa sababu ndoo yake ni ya aina nyingine. Yeye anachota vizuri. Nyie saba mnashangaa kwa nini maji hayaingii kwenye ndoo zenu.

Hicho ndicho kilichokuwa kinatokea. Unasakinisha programu ya kuchapa barua, inaweka toleo lake la faili la pamoja juu ya lile la zamani, na programu ya hesabu iliyokuwa nzima jana inakufa leo. Mafundi wa wakati ule waliipa hali hiyo jina la jehanamu ya DLL. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ikaongeza jambo jingine: ilifanya daftari kuu liitwalo rejista kuwa mahali ambapo Windows na programu zake huandika mipangilio yao. Kuanzia hapo kufuta folda hakukutosha tena. Programu uliyoifuta ilikuwa bado imeandikwa daftarini, kama mpangaji aliyehama huku jina lake likibaki kwenye kitabu cha mjumbe.

Wakati huo huo ofisi zilikuwa zinaunganisha kompyuta zao. Badala ya mtu kuzunguka dawati kwa dawati na rundo la diski (Windows 95 peke yake ilikuja pia kwa diski laini 13, na ya kumi na moja ikiwa mbovu unaanza upya), programu iliwekwa mara moja kwenye seva na kila kompyuta ikavuta kutoka huko. Office 97 ilikuwa na njia maalumu ya kufanya hivyo: msimamizi anaendesha usakinishaji kwa alama ya /a, unajengeka mfano mmoja kwenye folda ya mtandao, na wengine wote wanachota hapo. Jambo zuri sana hilo. Lakini tazama: sasa kompyuta ya mezani kwako ina uhusiano na folda iliyoko chumba kingine, kwenye mashine ambayo hujawahi kuiona.

Hapa tunafika mwaka 1999, na hapa ndipo kidirisha chetu kilipozaliwa.

Office 2000 ilikuja na chombo kipya kiitwacho Windows Installer. Huko ndani Microsoft walikuwa wanakiita Darwin. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Kwanza, usakinishaji ukikwama katikati kinarudisha kila kitu kilivyokuwa. Pili, faili likipotea kinalirudisha chenyewe bila kumwita fundi. Tatu, si lazima usakinishe kila kitu siku ya kwanza. Kipande usichokihitaji kinaachwa, na siku ukikibofya kinakwenda kujiletea.

Sawa, lakini kinakwenda kujiletea kutoka wapi? Kutoka kule programu ilikotoka. Ili programu ijiponye, ni lazima ikumbuke chimbuko lake. Kama ulisakinisha kutoka sidii, inakumbuka sidii. Kama ulivuta kutoka seva, inakumbuka jina la seva na jina la folda, herufi kwa herufi. Sasa badilisha jina la seva. Au hamisha folda. Au nunua seva mpya na kuiuza ya zamani. Programu inabaki na anwani ya nyumba iliyobomolewa. Siku faili moja likihitajika, inagonga mlango usiokuwepo, na jibu lake ndilo kosa namba 1706: chanzo halali cha programu hakikupatikana.

Huku kwetu jambo hili lilikuwa na uzito wake. Kabla ya mkondo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, ofisi nyingi za Afrika Mashariki zilipata intaneti kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Hakuna aliyewaza kushusha programu nzima kutoka mtandaoni. Ilikuwa sidii moja, imenakiliwa kwenye seva au imefungiwa kwenye droo ya mhasibu, na anayeshika ufunguo wa droo ndiye anayeshika uhai wa ofisi.

Niliwahi kuwa mazoezini kwenye ofisi moja hapa Dar, miaka kumi na kitu iliyopita, ambako Office 2007 ilikuwa bado inatawala. Seva ilikuwa imebadilishwa wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka. Iliporudi, ilirudi na jina jipya. Wiki chache baadaye kompyuta ya katibu muhtasi ikaanza kuleta kidirisha kile. Dada yule alikifunga, kikarudi, akakifunga. Siku moja bosi alikuwa anasubiri mkataba uchapwe, kidirisha kikajitokeza mbele ya macho yake, na neno likatoka palepale, tena mbele ya wageni: "Wewe unabonyeza bonyeza nini huko? Umeshaiharibu kompyuta ya watu." Fundi wa nje akaitwa. Akafuta kila kitu, akaanza upya, akalipwa. Barua za miaka miwili za dada yule, zilizokuwa kwenye diski ileile, zikaenda na maji. Na kwenye kikao cha Jumatatu aliambiwa awe mwangalifu.

Hakuna aliyesema neno kuhusu seva iliyobadilishwa jina.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa imeandikwa kwenye kidirisha chenyewe. Kilikuwa kinasema kinachotafutwa kiko mahali pa mtandaoni pasipopatikana, na kilikuwa na nafasi ya kuandikia njia mpya. Andika jina jipya la seva na folda, bofya, subiri. Dakika chache tu. Dada yule Kiingereza alikijua kuliko wengi wetu, lakini ujumbe ule haukuandikwa kwa ajili yake. Uliandikwa kwa ajili ya mtu anayejua seva inaitwaje, ukaonyeshwa kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba kuna seva.

Ndiyo maana naona tafsiri peke yake haitoshi, ingawa naiheshimu sana. Desemba 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na jumbe zake kwa Kiswahili, na baadaye Microsoft nao wakatoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office. Ilikuwa hatua kubwa. Ila hata kwa Kiswahili fasaha, "chanzo hakikupatikana" ni fumbo kwa mtu asiyejua chanzo kilikuwa wapi.

Waliotengeneza nao waliliona tatizo. Office 2003 ilianza kuficha nakala ya mafaili ya usakinishaji kwenye diski ya kompyuta yenyewe, ndani ya folda iitwayo MSOCache, ili isitegemee tena sidii wala seva. Uamuzi wa busara. Lakini diski zetu zilikuwa ndogo, na watu wakigundua folda iliyofichwa inayokula mamia ya megabaiti wanaifuta. Ukiifuta, programu inarudi kuulizia kule kwa zamani, nasi tunarudi pale pale.

Makosa mengine nayo yana koo zao. Namba 1603, ile inayosema tu kwamba kuna kosa kubwa, mara nyingi ni mtoto wa ruhusa. Windows Installer hufanya kazi zake nyeti kwa jina la akaunti ya mfumo, si kwa jina lako. Folda ambayo akaunti hiyo imenyimwa, haiandiki. Na ile herufi ya N: au S: uliyounganishiwa kwenye seva ni yako wewe uliyeingia kwa neno lako la siri. Akaunti ya mfumo haiioni. Ndiyo maana faili unaloliona kwa macho yako mwenyewe, kompyuta inaapa kwamba halipo. Mwite fundi aandike njia kamili inayoanza na jina la seva, si herufi. Namba 1618 yenyewe ni foleni tu: kuna usakinishaji mwingine unaendelea, subiri zamu yako.

Kisha likaja suala la leseni. Mwaka 2001 Office XP na Windows XP zilileta utaratibu wa kuidhinisha kila nakala. Kuanzia Office 2010, mashirika yanaweza kuwa na seva yao ya kuidhinisha, lakini haianzi kuidhinisha Office mpaka walau kompyuta 5 ziombe, na idhini yenyewe hudumu siku 180. Ofisi ya kompyuta nne haihesabiki, na kompyuta mpakato iliyokwenda mkoani mwaka mzima itarudi inalalamika.

Siku hizi Office mpya husakinishwa kwa njia iitwayo Click-to-Run, iliyoanza na toleo la 2010 na kuwa njia pekee kuanzia Office 2019. Inavuta kutoka intaneti, au kutoka folda ya mtandao wa ofisi kama fundi ameishusha mara moja kwa ajili ya wote. Sidii imekufa. Lakini mabaki hayajafa: nakala ya zamani ya biti 32 ikiwepo, ya biti 64 inakataa kuingia. Mpangaji aliyehama bado jina lake liko kwa mjumbe.

Sasa faida ya historia yote hii ni nini? Ni kwamba inatupa maswali ya kuuliza kabla ya kunyoosha kidole. Programu hii ilitoka wapi, na mahali hapo bado papo kwa jina lilelile? Anayesakinisha ni nani, na ana ruhusa pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye seva? Kuna nini cha zamani kilichobaki? Kama majibu hayatoshi, mwambie fundi aamuru msiexec iandike kumbukumbu kamili kwa alama ya /l*v, kisha atafute ndani yake maneno "return value 3". Juu kidogo ya hapo ndipo penye ukweli. Na kabla hajafuta chochote, mafaili ya mwenye kompyuta yanakiliwe kwanza pembeni.

Mimi kazi yangu ni kuuliza nani, lini na kwa nini. Nimegundua maswali hayo yanafaa kwenye kompyuta kama yanavyofaa bungeni. Uamuzi hufanywa juu, kwa nia njema au kwa haraka, haumfikii taarifa anayekaa chini, na siku mambo yakiharibika anaulizwa yeye aliyekuwa ameshika kipanya. Kwa hiyo ukibadilisha jina la seva, tafadhali, tuma ujumbe wa mstari mmoja kwa kila aliye na dawati. Hata mpishi wa chai kama ana kompyuta.

Kazi njema, na Jumatatu njema.