Haiba ya Rwagasore

Wanafunzi wetu wanapokutana na neno haiba, huuliza: je, kiongozi huzaliwa nayo? Tumtazame Louis Rwagasore wa Burundi. Alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, lakini uzawa huo ulimpa jina tu. Wafuasi aliwapata kwa kazi: mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, na Waswahili wa Buyenzi, mjini Bujumbura, wakawa miongoni mwa waliomuunga mkono. Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa. Haukupita muda mrefu, UPRONA ikagawanyika makundi. Hivyo tunawajibu wanafunzi: haiba hujengwa kwa matendo. Waliobaki walirithi chama, haiba hawakuirithi.