Antena ya Shosho na Nukta Inayong'aa

Unakumbuka ile antena ya vijiti kwa paa la shosho, mnaizungusha hadi mtu apige kelele "hapo hapo, wacha!"? Ilibuniwa Japani, 1926, na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Mwaka wa 2010 wanasayansi wa Barcelona waliiunda tena kwa dhahabu, vijiti vitano, yote ndogo kuliko chembe moja ya damu. Kwa kijiti kimoja wakabandika nukta ya kwantamu. Mwanga wake, ambao kawaida hutawanyika ovyo, ukaelekea upande mmoja.

Nukta ya kwantamu ni fuwele ya nanomita chache tu, na ukubwa wake ndio huamua rangi yake. Ziko ndani ya televisheni za QLED. Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipewa Nobeli ya Kemia 2023 kwa sababu yazo, na walistahili kabisa. Shida yangu ni vile stori husimuliwa, ni kama nukta hujiwakia peke yake.

Mimi naanzia 1946. Edward Purcell, Mmarekani, alichapisha aya moja. Maze, aya moja tu! Hakuwa hata anazungumzia mwanga wa macho, alikuwa kwa mawimbi ya redio. Alipiga hesabu kwamba kiini cha atomu kikiachwa pekee kingechukua muda unaozidi umri wa ulimwengu mara elfu kumi kutoa nishati yake. Changanya hapo chembe ndogo za chuma, muda unashuka hadi dakika.

Kabla niache chuo nilidhani kasi ya kutoa mwanga ni ya chembe yenyewe, kama alama za vidole. Kumbe jirani ana usemi. Karl Heinz Drexhage wa Ujerumani alionyesha hivyo kufikia 1970: molekuli zinazong'aa zilibadilisha kasi kulingana na umbali wake kutoka kwa kioo cha kujitazamia.

Na jirani huyo si mwema kila saa. Nukta ikigusana na dhahabu, chuma humeza nishati yote ikawa joto na mwanga unazima. Iache nafasi ya nanomita kadhaa, inang'aa kuliko mwanzo.

Cheki sasa: 2002, huyo huyo Bawendi na wenzake waliweka nukta juu ya dhahabu yenye mikwaruzo. Ziling'aa zaidi, na ile tabia yazo ya kuwaka na kuzimika ikapungua sana.