Chimbuko la Mashine ya Kupimia Injini

Mashine ya kupimia gari, ambayo fundi huichomeka chini ya dashibodi ili isome hitilafu za injini, haikubuniwa kwa ajili ya kumrahisishia fundi kazi, bali chimbuko lake ni moshi. Katika miaka ya 1940 jiji la Los Angeles nchini Marekani lilianza kufunikwa na ukungu wa kahawia uliowawasha watu macho, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo hutokea pale mvuke wa petroli na oksidi za naitrojeni, vinavyotoka kwa wingi katika magari, vinapopigwa na jua. Mwaka 1967 jimbo la California liliunda bodi ya kusimamia usafi wa hewa, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

Masharti ya hewa safi ndiyo yaliyoingiza kompyuta katika injini. Kifaa cha kemikali (katalisti) kinachofungwa kwenye ekzosi ili kusafisha moshi hufanya kazi vizuri pale tu sehemu 1 ya petroli inapochanganywa na takriban sehemu 14.7 za hewa kwa uzito, na kabureta haikuweza kuushika uwiano huo kila wakati. Kwa hiyo ilihitajika sensa ya oksijeni, yaani kifaa kidogo kinachopima oksijeni iliyobaki katika moshi, pamoja na kompyuta ya kurekebisha mafuta kulingana na kipimo hicho. Kuanzia magari ya toleo la 1988, California ilitaka kompyuta ijichunguze yenyewe na kuwasha taa ya injini inapogundua hitilafu.

Hata hivyo, kila kampuni iliendelea na lugha yake ya misimbo, yaani namba zinazotaja hitilafu. Katika Toyota za wakati huo fundi aliunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili ya kisanduku kilichomo chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1, kisha akahesabu mimweko ya taa: miwili, kituo kifupi, kisha mitano, ikawa 25, yaani sensa imeona hewa imezidi mafuta. Kuanzia toleo la 1996 magari yote mapya ya abiria yaliyouzwa Marekani yalilazimika kuwa na soketi ya aina moja yenye pini 16 na misimbo ya pamoja, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Namba 25 ya zamani ikapata mwenzake, P0171, ambapo P ni injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu, na 0 inaonyesha kuwa msimbo huo ni wa makampuni yote.

Asili hiyo inaeleza kwa nini msimbo si jina la kifaa cha kununua. Kompyuta inatoa habari ya moshi, na P0171 inaweza kusababishwa na mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya mafuta iliyochoka. Fundi makini husoma kwanza msimbo, kisha picha ya hali ya injini iliyohifadhiwa taa ilipowaka, yaani joto, mwendo na mzigo wa saa ile, halafu huangalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa nyongeza ni kubwa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta na inapungua mafuta yakikanyagwa, hushuku hewa inayovuja. Ikiwa inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, hugeukia pampu na filta. Ni baada ya hapo tu ndipo mkono unapogusa spana.

Afrika Mashariki ilipokea historia hii kwa namna yake, kwa sababu gari nyingi zililetwa zikiwa zimetumika Japani, na baadhi ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina soketi ya pini 16 lakini haziongei lugha ya pamoja, kiasi kwamba mashine ya bei nafuu hushindwa kuunganishwa nazo ingawa gari halina kosa.

Kosa baya zaidi katika gereji ni kufuta misimbo kabla ya kuinakili. Ile picha iliyohifadhiwa hupotea papo hapo, majaribio ya kompyuta huanza upya na yanahitaji gari liendeshwe tena ndipo yakamilike, na kama mpira wa hewa bado umepasuka, taa itawaka tena.