Banaba Baada ya Vita: Kesi Isiwe Kipimo cha Uongozi

Katika maandishi ya wanasheria, Wabanaba, wenyeji wa kisiwa cha Banaba ambacho sasa ni sehemu ya Kiribati, ni watu walioshindwa kesi. Hukumu ya Tito dhidi ya Waddell, iliyosomwa London mwaka 1976, ilieleza kwamba wajibu wa Uingereza kwao ulikuwa wa kiserikali tu, si amana ambayo mahakama ingeweza kuisimamia. Rotan Tito, mzee aliyewaongoza kwa miongo kadhaa, akabaki jina la kesi. Makala haya yanakikataa kipimo hicho.

Kuhusu chanzo cha mgogoro hakuna ubishi: fosfeti iligunduliwa Banaba mwaka 1900, Wajapani wakakiteka kisiwa mwaka 1942, wenyeji wakatawanywa Nauru, Tarawa na Kosrae. Ubishi unaanzia Desemba 1945, waliposhushwa Rabi, nchini Fiji, yapata kilomita 2,000 kutoka kwao, wakalala kwenye mahema katika msimu wa vimbunga. Wapo wanaoandika kwamba Uingereza iliwapa Rabi. Haikuwapa. Kisiwa kilinunuliwa kwa fedha za mrabaha wa fosfeti yao wenyewe, na kosa hilo halivumiliki kwa msomi.

Ushahidi wangu mkuu ni Sura ya 9 ya Katiba ya Kiribati ya mwaka 1979. Mbanaba anayeishi Rabi, raia wa nchi nyingine, hapotezi ardhi yake Banaba kwa sababu ya umbali. Ana haki ya kuingia na kukaa kisiwani. Ardhi iliyochukuliwa kwa uchimbaji ilipaswa kurudishwa kwa wenyewe uchimbaji ukiisha. Zaidi ya hayo, Baraza la Rabi, chombo kilichoko Fiji, humteua mjumbe wa Bunge la Kiribati. Ni nadra katiba kumpa mtu wa nje kiti cha ndani namna hii. Haikuwa hisani. Rotan Tito na mwanawe, Mchungaji Tebuke Rotan, walishinikiza kwa miaka mingi, mahakamani na nje yake, na kesi ile ile inayoitwa kushindwa ndiyo iliyoufanya mgogoro wao usiweze kupuuzwa wakati wa kuandaa uhuru wa Kiribati.

Nitaambiwa kwamba walitaka Banaba itenganishwe na Kiribati, wakanyimwa. Ni kweli. Lakini kiongozi hapimwi kwa dai lake la juu kabisa pekee.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uchimbaji ulikoma mwaka huo huo wa 1979, kwa hiyo walirudishiwa ardhi iliyokwisha kuchimbuliwa, miamba mitupu iliyochongoka ambako minazi ilikuwa imesimama. Silipunguzi hilo hata kidogo. Hata hivyo, uharibifu ule ni deni la Uingereza, Australia na New Zealand, zilizokula fosfeti hiyo kupitia tume yao ya pamoja, na dola milioni 10 za Australia zilizotolewa bila kukiri kosa hazikulilipa. Viongozi wa Rabi walihakikisha kwamba mwenye kulidai bado ana jina, ardhi na kiti bungeni.