Masijala: Mahali Tulipojifunza Kuandika Pamoja

Ofisi nyingi za Afrika Mashariki leo zina mfumo wa ndani wa mtandao ambamo nyaraka huhifadhiwa, na kila mhusika huzisoma, huzihariri na huzijadili akiwa mezani kwake. Watumishi hufundishwa mfumo huo kana kwamba kazi ya kuandika pamoja katika waraka mmoja imeanza juzi. Kwa kweli kazi hiyo ilikuwapo hapa tangu serikali za kikoloni, na makao yake yalikuwa masijala. Ninashikilia kwamba masijala haikusimama kwa sababu ya makabati wala majalada. Ilisimama kwa kanuni chache zilizojulikana na wote na kwa karani aliyepewa mamlaka ya kuzisimamia. Mfumo wa kompyuta ukiwekwa bila vitu hivyo viwili, ofisi hupata ghala kubwa zaidi la vitu visivyopatikana.

Tazama jinsi barua ilivyosafiri. Ilipofika ilifunguliwa, ikapigwa muhuri wa tarehe na kuandikwa katika rejesta ya barua zinazoingia. Karani aliamua ni ya faili lipi, akaitoboa, akaifunga kwa tagi na kuipa namba yake ya folio. Upande wa pili wa faili palikuwa na karatasi za madokezo. Hapo ofisa mdogo alieleza jambo, akataja folio zinazohusika, akapendekeza la kufanya na kutia saini kwa cheo na tarehe. Mkuu wake alijibu chini ya dokezo hilohilo, naye Katibu Mkuu akaamua chini yao wote. Hakuna aliyefuta maneno ya mwenzake. Aliyepinga aliandika pingamizi lake chini yake. Kwa hiyo anayelifungua faili baada ya miaka ishirini huona uamuzi, na huona pia nani alishauri nini, lini, na kwa ushahidi upi. Jambo moja lilikuwa na faili moja. Faili lilipotoka masijala, kadi ilionyesha liko kwa nani. Lililopaswa kurudiwa baadaye liliandikiwa tarehe, na siku hiyo karani alilipeleka mezani bila kukumbushwa. Lilipojaa lilifungwa, juzuu ya pili ikafunguliwa kwa namba ileile. Humo mna karibu kila kinachohitajika katika waraka wa pamoja wa leo: nakala moja ya kweli, historia ya mabadiliko, mwenye dhamana anayejulikana, na njia ya kujua nani ameshika nini.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kanuni ndizo zilizobeba kazi ni kudhoofika kwa masijala zenyewe. Huko Tanzania, kufikia miaka ya 1990, masijala nyingi za wizara zilikuwa zimesongwa na mafaili ambayo kazi yake ilikwisha zamani, na maofisa walikwisha kukata tamaa wakawa wanaweka mafaili yao wenyewe katika droo zao. Karatasi haikuwa imebadilika, wala tagi. Kilichokoma ni kuyaondoa mafaili yaliyokufa na kuyapa mapya majina kwa utaratibu mmoja. Katika mageuzi ya utumishi wa umma mwishoni mwa muongo huo, dawa iliyotumika ilikuwa ya kikanuni: mafaili yasiyotumika yalihamishwa, na majina ya mafaili yakapangwa kwa orodha rasmi ya maneno ambayo kila masijala ilipaswa kuifuata. Kisha ikaja Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Leo, ofisa anayeweka nakala yake ya ripoti katika kompyuta yake mwenyewe kwa sababu haamini folda ya pamoja anafanya kilekile kilichofanywa na mwenye droo.

Yupo atakayesema kwamba kompyuta hutafuta yenyewe, hivyo majina na orodha hazina kazi tena. Hoja hii ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Tim Berners-Lee alipoandika mwaka 1989, katika maabara ya fizikia ya CERN, pendekezo lililozaa wavuti, tatizo alilolitaja lilikuwa la masijala: watu hukaa kazini kama miaka miwili, wanaondoka, na maarifa yao yanapotea. Aliona pia kwamba watu wawili hawachagui neno lilelile kulitaja jambo moja, kwa hiyo maneno ya kutafutia humfaa yule tu anayekijua tayari anachokitafuta. Mashine inaweza kukuletea nyaraka kumi zenye jina la bajeti ndani ya sekunde moja. Haiwezi kukuambia ipi ndiyo iliyoidhinishwa ikiwa hakuna aliyeandika.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa: masijala ilikuwa chombo cha mkoloni, na siri ndiyo iliyokuwa tabia yake. Ni kweli, na Kenya inalijua hilo kwa uchungu. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, Waingereza waliteketeza mafaili mengi na mengine wakayasafirisha kwao. Kuwapo kwa yaliyosafirishwa kulikubaliwa hadharani mwaka 2011 tu, wakati wazee waliopigana au kuteswa enzi za Mau Mau walipokuwa mahakamani London wakiidai serikali ya Uingereza. Lakini angalia yalivyofichuka. Mwanahistoria David Anderson alitegemea mawasiliano ya serikali yenyewe yaliyoonyesha kwamba masanduku takribani 300 ya mafaili yalitolewa Nairobi. Kumbukumbu ya kuhamishwa kwa mafaili ndiyo iliyowaumbua waliohamisha. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wadai zaidi ya 5,000. Funzo ninaloliona ni kwamba ruhusa ya kusoma igawanywe kwa haki, na kila kitendo cha kuhamisha au kufuta kiache alama isiyofutika.

Ucheleweshaji nao siutetei. Faili lililosubiri saini kwa miezi, au lililopotea mpaka mwananchi atoe kitu kidogo, liliwaumiza watu, hasa wastaafu waliodai mafao kwa barua za ajira zisizoonekana. Mtandao unaondoa safari ya tarishi kutoka mlango hadi mlango, na hilo ni jema kubwa. Haumlazimishi mkuu kuamua, wala haumtafuti aliyenyamaza. Kazi hiyo ilikuwa ya karani na tarehe yake. Ndiyo maana inasikitisha kuona taasisi zikinunua mfumo, zikiukabidhi kwa kitengo cha kompyuta peke yake, na kumwacha msaidizi wa kumbukumbu akilinda makabati. Wakuu wa taasisi, mketisheni mtu huyo katika meza ya kupanga mfumo tangu siku ya kwanza, na mpeni mamlaka ya kukataa waraka usio na jina, tarehe na mwenye dhamana.